Pumu Haisubiri Tarehe ya Kliniki

Mgonjwa wa pumu wa Uingereza ana karibu kila kitu ambacho mwenzake wa Tabora au Turkana hana. Ana daktari wa familia ambaye ameandikishwa kwake kwa jina, ana faili ndani ya kompyuta linaloonyesha kila dawa aliyoandikiwa, na ana muuguzi aliyesomea pumu ambaye humwita mara moja kwa mwaka aje akaguliwe hata kama hajisikii mgonjwa. Mwaka 2004 serikali ya huko ilianza kuwalipa madaktari hao nyongeza kwa kazi hiyo: kliniki ilipewa alama kulingana na idadi ya wagonjwa iliowakagua, na alama ziligeuzwa fedha. Ukitafuta nchi ambayo ukaguzi wa kawaida wa pumu ulipaswa kuwa umekwisha kuzaa matunda kufikia miaka kumi baadaye, ilikuwa hiyo. Mei 2014 Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London kikatoa ripoti ya uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya pumu. Wataalamu walikuwa wamepitia mafaili ya watu 195 waliofariki kati ya Februari 2012 na Januari 2013. Kwa asilimia 43 ya marehemu hao, hakukuwa na ushahidi wowote kwamba kliniki zao ziliwakagua katika mwaka wao wa mwisho. Asilimia 22 walikuwa wamepangiwa siku ya kuja wasifike.

Wengi walioisoma ripoti ile walifikia jawabu jepesi: wagonjwa waitwe zaidi, na wasiokuja wafuatwe. Sidhani kama hilo linatosha, na namba zenyewe zinatuonya. Uchunguzi ule ulihusu waliokufa peke yao. Haukuwa na kundi la wagonjwa walio hai wa kulinganishwa nao, kwa hiyo hauwezi kutuambia kwamba kukosa ukaguzi ndiko kulikowaua. Tena, ukiigeuza ile asilimia 43 upande wa pili, utaona kwamba zaidi ya nusu walikaguliwa na bado wakafa, na asilimia 23 tu ya wote ndio waliokuwa wamepewa mpango wa maandishi wa kuwaelekeza la kufanya kifua kinapoanza kubana. Maana yake ni kwamba kulikuwa na watu waliokwenda kliniki, wakaulizwa maswali, wakatiwa alama kwenye kompyuta, wakarudi nyumbani bila kitu chochote kubadilika. Hoja yangu ni kwamba kalenda si kinga. Ukaguzi unaookoa ni ule unaoitishwa na dalili ya hatari, na dalili ya wazi kuliko zote ni hesabu ya inhela, yale makopo ya dawa ya kuvuta, anazomaliza mgonjwa.

Ili hesabu hiyo ieleweke, ni lazima tukumbuke pumu ni nini. Ni uvimbe wa muda mrefu katika njia za hewa, unaozifanya zikasirike upesi zinapokutana na vumbi, moshi, baridi, mafua au harufu kali. Zikikasirika, misuli inayozizunguka hukaza, ute huongezeka, na mgonjwa huanza kusikia mlio wa filimbi kifuani. Salbutamol, dawa ya inhela ya bluu, hulegeza ile misuli ndani ya dakika chache. Haigusi uvimbe. Inayogusa uvimbe ni steroidi ya kuvuta, ambayo kwa kawaida hutumiwa kila siku, haina raha ya papo kwa papo, na mgonjwa anaweza kuiacha kwa wiki nzima asione tofauti. Mtu anayepewa dawa mbili, moja inayompa pumzi sasa hivi na nyingine inayomwahidi pumzi ya mwezi ujao, atashikilia ipi? Jibu linaonekana katika mafaili ya wale marehemu. Kati ya 165 ambao idadi ya inhela zao za bluu ilijulikana, asilimia 39 waliandikiwa zaidi ya 12 katika mwaka wa mwisho, na wachache walivuka 50. Kwa upande wa dawa ya kukinga, yaani ile steroidi ya kuvuta, mambo yalikuwa kinyume: asilimia 80 ya waliokuwa nayo hawakufikisha inhela 12, na asilimia 38 hawakufikisha hata nne.

Inhela moja ya salbutamol kwa kawaida ina mivuto 200. Inhela 12 ni mivuto 2,400, yaani zaidi ya sita kwa siku, kila siku, Januari hadi Desemba. Mtu wa namna hiyo hana pumu iliyotulia, awe amekaguliwa jana au mwaka juzi. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2020, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 365,000, ulikuta kwamba asilimia 30 walichukua inhela tatu au zaidi za aina hiyo kwa mwaka, na kadiri idadi ilivyopanda ndivyo mashambulizi na vifo vilivyopanda. Miaka 20 kabla ya hapo, watafiti waliotumia kumbukumbu za jimbo la Saskatchewan, Kanada, walionyesha upande wa pili wa mizani: kila kopo moja zaidi la steroidi ya kuvuta katika mwaka uliotangulia liliambatana na kupungua kwa hatari ya kufa kwa pumu kwa asilimia 21. Kwa hiyo taarifa iliyotakiwa ili kuwajua walio hatarini Uingereza haikuwa imefichwa. Ilikuwa ndani ya kompyuta ile ile iliyochapisha vyeti vya dawa. Kliniki ilikuwa ikisubiri mwezi wa ukaguzi ufike, na huku mashine ikitoa cheti cha kumi na tatu, cha kumi na nne, cha kumi na tano, bila mtu kuuliza.

Hapa ndipo pumu inapoachana na magonjwa mengine ya kudumu ambayo tumezoea kuyawekea siku ya kliniki. Presha ikiwa juu, mara nyingi itaonekana juu siku yoyote utakayoipima. Sukari ina kipimo kinachoeleza hali ya miezi iliyopita. Pumu hupanda na kushuka. Mgonjwa anaweza kukaa mbele ya muuguzi saa nne asubuhi kifua kikiwa cheupe, akapuliza kipima pumzi vizuri, na usiku wa siku hiyo hiyo akaamka anatweta. Ukimuuliza hali yake atasema nzuri, maana ndivyo tulivyolelewa kujibu, na pia kwa sababu mwili huzoea: aliyeacha kupanda ngazi miaka mitano iliyopita haoni tena kwamba hawezi kupanda ngazi. Waingereza walijaribu kuliziba tundu hilo kwa maswali matatu mafupi: je, umekosa usingizi kwa sababu ya pumu? Je, umepata dalili zako za kawaida mchana? Je, pumu imekuzuia kufanya shughuli zako? Ni maswali mazuri kuliko "hujambo", lakini bado yanategemea kumbukumbu na ukweli wa anayejibu. Makopo matupu hayasahau.

Sisemi ukaguzi wa kliniki hauna kazi. Ushahidi kwamba una kazi ni mkubwa, ila ni ushahidi wa jambo mahususi. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 36 yalionyesha kwamba watu wazima waliofundishwa kujipima wenyewe, wakapewa mpango wa maandishi na wakaonwa na mtaalamu mara kwa mara, walilazwa hospitalini pungufu kwa takriban theluthi moja. Mapitio mengine ya Cochrane yaliangalia waliopewa maelezo matupu kuhusu ugonjwa wao, yakakuta kulazwa hakukupungua. Kumweleza mtu pumu ni nini na kumwachia aende zake si tiba. Kinacholeta mabadiliko ni yale yanayofanywa kwa mikono, na la kwanza ni kumwona mgonjwa akivuta dawa yake mbele yako. Watafiti waliopitia tafiti za miaka 40 hadi 2014 walikuta kwamba ni asilimia 31 tu ya wagonjwa waliotumia inhela sawasawa, na kiwango hicho hakikuwa kimepanda katika miaka yote hiyo. Tulibuni vifaa vipya na tukaandika miongozo mipya, mikono ikabaki ile ile. Wengi hawatoi pumzi kwanza, wengine hubonyeza kopo wakiwa wameshamaliza kuvuta, wengine hawazuii pumzi baadaye, na dawa huishia ulimini. Daktari anayemwongezea dozi mgonjwa wa namna hiyo bila kumtazama anavuta anaongeza dawa ya ulimi.

La pili ni ule mpango wa maandishi, ambao unaweza kuandikwa kwenye nusu ya karatasi: dawa ya kila siku ni hii, ukianza kuamka usiku au kutumia ya bluu kupita kiasi hiki, fanya hivi, usipopata nafuu baada ya mivuto kadhaa, usilale, nenda hospitali. Si kazi ya ufundi mkubwa. Lakini katika ile ripoti, asilimia 45 ya marehemu walikufa bila kutafuta msaada wa daktari au kabla msaada haujawafikia. Baadhi yao huenda hawakuwa na muda. Wengine, bila shaka, walikuwa wakisubiri waone, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaambia kwa maandishi mstari wa kusubiri unaishia wapi.

Pingamizi la kwanza ni la muda. Daktari wa Uingereza ana kama dakika 10 kwa mgonjwa mmoja, na wa kwetu mara nyingi hana hata hizo. Jibu ni kwamba ukaguzi si lazima uwe wa ana kwa ana kwa kila mtu, na si lazima ufanywe na daktari. Mwaka 2003 jarida la BMJ lilichapisha jaribio lililofanyika katika kliniki nne za England, lililohusu watu wazima 278. Waliopangiwa kukaguliwa kwa simu, asilimia 74 walipatikana. Walioitwa kliniki, asilimia 48 tu. Mazungumzo ya simu yalichukua kama dakika 11, ya kliniki kama dakika 22. Simu haiwezi kuona mikono inavyobonyeza inhela, hilo ni kweli, lakini inaweza kuwachuja wanaohitaji kuitwa. Finland nayo iliendesha mpango wa taifa wa pumu kati ya 1994 na 2004, ikiwategemea zaidi wauguzi na wafamasia wa mitaa kuliko mabingwa wa hospitali kuu. Siku za wagonjwa wa pumu kulazwa zilishuka kutoka 110,000 mwaka 1993 hadi 51,000 mwaka 2003, na gharama kwa kila mgonjwa ikashuka kwa asilimia 36. Dawa bora za kukinga zilichangia sana, na ni vigumu kutenganisha mchango wa dawa na wa mtandao. Ila bila watu wa kuzifikisha na kufundisha matumizi yake, dawa hizo zingebaki kwenye rafu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwangu: kwamba kuwaita watu wenye nafuu kila mwaka ni kuwafanya wagonjwa wa maisha. Watafiti wa Kanada, katika utafiti uliochapishwa 2017 kwenye jarida la JAMA, waliwapima upya watu wazima 613 walioambiwa na daktari kwamba wana pumu ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Walipopunguziwa dawa kidogo kidogo chini ya uangalizi, theluthi moja walionekana hawana pumu wakati huo. Wengine huenda walipona, wengine hawakuwahi kuwa nayo. Na wale ambao ugonjwa haukuonekana tena walikuwa na uwezekano mdogo kuliko wengine wa kuwa walipimwa mapafu mwanzoni. Lakini pingamizi hili, ukilitazama vizuri, halivunji hoja ya ukaguzi. Linaongeza swali ndani yake. Ukaguzi wa kweli lazima uwe na ujasiri wa kuuliza kama jina la ugonjwa ni sahihi, na wa kupunguza dawa pale inapowezekana. Ukaguzi wa kujaza fomu hauulizi hivyo, kwa sababu fomu imekwisha kuamua kwamba aliyekaa pale ana pumu.

Kuna pia wanaosema kwamba tiba mpya zitatuondolea tatizo lenyewe. Tangu 2019 GINA, jopo la kimataifa linalotoa mwongozo wa pumu, halishauri tena mtu mzima au kijana kutibiwa kwa dawa ya bluu peke yake. Linapendekeza inhela moja iliyochanganya steroidi na formoteroli, dawa ya kufungua kifua, itumiwe hata wakati wa kubanwa, ili kila anayetafuta pumzi apate na dawa ya uvimbe humo humo. Uingereza ilifuata njia hiyo katika mwongozo wake wa Novemba 2024. Ni mabadiliko mazuri, na yanapunguza madhara ya mgonjwa aliyesahaulika. Hayaondoi haja ya kuhesabu. Anayemaliza inhela ya mchanganyiko haraka kuliko kawaida bado anatuambia jambo lile lile, ila sasa anatuambia akiwa na kinga kidogo mwilini.

Afrika Mashariki je? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba pumu iliwapata watu milioni 262 mwaka 2019 na kuua 455,000, na vifo vingi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa hautambuliwi vya kutosha na tiba haifiki. Kishawishi chetu ni kunakili mfumo wa Waingereza kama ulivyo: kumchomeka mgonjwa wa pumu katika siku ya kliniki ya kisukari na presha, kumpa kadi yenye tarehe ya kurudi, na kuhesabu waliohudhuria. Tukifanya hivyo tutarithi udhaifu wao bila kurithi kompyuta zao. Kwetu mgonjwa wa pumu haonekani zaidi kliniki. Anaonekana sehemu mbili: chumba cha dharura usiku, anapowekewa mashine ya mvuke na kuruhusiwa alfajiri, na duka la dawa, anaponunua salbutamol, mara nyingi ya vidonge kwa kuwa ni rahisi, ingawa vidonge hivyo hutetemesha mikono, huufanya moyo uende mbio, na miongozo ya kimataifa haivipendekezi. Sehemu hizo mbili ndizo zinazopaswa kuitisha ukaguzi.

Tuanze na dharura. Katika ripoti ya 2014, asilimia 10 ya marehemu walikufa ndani ya siku 28 baada ya kutoka hospitali walikotibiwa pumu. Mwezi mmoja baada ya shambulio ndio wakati ambao ukaguzi una thamani kubwa kuliko mwingine wowote, na ndio wakati ambao mgonjwa wetu huachwa peke yake akiwa na vidonge vichache vya prednisolone, steroidi ya kumeza. Asitoke mtu chumba cha dharura bila kuandikiwa steroidi ya kuvuta, bila kuonyeshwa jinsi ya kuivuta, na bila kupewa siku ya kurudi ndani ya wiki. Prednisolone ya kumeza ni mwokozi wa siku mbaya, lakini anayerudia dozi hiyo mara kwa mara katika mwaka anaumiza mifupa yake, sukari yake na macho yake, na kila dozi ni kengele nyingine iliyopigwa bila kusikika.

Upande wa duka la dawa, Tanzania ina jambo la kujivunia ambalo tunalitumia nusu. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, ulionyesha kwamba muuzaji wa kijijini anaweza kufundishwa kutambua dalili za hatari na kumwelekeza mgonjwa kituo cha afya. Muuzaji huyo anawajua wateja wake kwa sura. Anajua ni nani anayerudi kila baada ya wiki mbili kuchukua dawa ya kifua. Daftari la kawaida, lenye jina na tarehe ya kila inhela au pakiti ya salbutamol, pamoja na sharti kwamba anayenunua mara ya tatu ndani ya mwaka aandikiwe karatasi ya kwenda zahanati, lingetupa sisi kile ambacho kompyuta za Uingereza zilikuwa nacho zisikitumie.

Nitaulizwa: kuna haja gani ya kumpeleka zahanati ikiwa dawa ya kukinga haipo, au ipo duka la mjini kwa bei isiyolingana na kipato chake? Hilo ndilo pingamizi gumu kuliko yote, na silipunguzi. Ukaguzi usio na dawa nyuma yake ni mazungumzo. Steroidi ya kuvuta imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na serikali inayoagiza salbutamol bila kuagiza steroidi inanunua nusu ya tiba, nusu iliyo hatari ikikaa peke yake. Lakini si kila kitu kinasubiri bajeti. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa katika The Lancet mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa na kuzibwa vizuri pembeni ya inhela, iliwasaidia watoto waliobanwa na pumu sawa na kile chombo cha dukani cha kuvutia dawa. Kumtazama mtu akivuta hakugharimu kitu. Kuandika mpango kwenye nusu ya karatasi hakugharimu kitu. Na madaftari ya mauzo yakianza kuonyesha ni watu wangapi katika wilaya moja wanaishi kwa salbutamol peke yake, mganga mkuu wa wilaya atakuwa na hesabu ya kwenda nayo bohari ya dawa badala ya malalamiko.

Wizara za afya ziache kupima huduma ya pumu kwa idadi ya waliohudhuria kliniki, na zipime kwa idadi ya wanaonunua dawa ya kufungua kifua bila ya kukinga. Nawe msomaji, ikiwa wewe au mwanao mmefika kwenye inhela ya tatu ya bluu kabla mwaka haujaisha, usiangalie kadi inasema urudi lini. Nenda wiki hii, na uende na inhela zote unazotumia mkononi, hata zilizokwisha.